Bampa ya faiba haikazwi kama ya chuma

Je, wajua kwamba bampa nene za magari ya spoti ya miaka ya 1970 zilitokana na sheria, wala si matakwa ya waliochora magari hayo? Chukua Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki inalijua vizuri: Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Lile la dukani lilikuwa na bampa za krome nyembamba kama utepe. Kisha Marekani ikaamuru kuwa, kuanzia magari ya mwaka 1973, gari likigonga ukuta kwa mbele kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, taa na vifaa vingine vya usalama visidhurike. Ilipofika 280Z ya mwaka 1975, toleo la baadaye la gari hilo, Z ya soko la Marekani ilishafungwa bampa kubwa zinazoegemea shokapu za mafuta, zimetokeza mbele na nyuma kama midomo iliyovimba. Sheria ililegezwa mwaka 1982. Midomo ikabaki kwenye magari.

Ndiyo maana wenye Z huzivua bampa hizo na kufunga za faiba. Inaniudhi kusikia kwamba hizo ni mbwembwe, eti kilo chache hazina maana. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega anajua: ukigeuka ghafla, ndoo za ncha mbili hazitaki kukufuata, na zikishaanza kuzunguka hazitaki kusimama. Maji yaleyale ukiyakumbatia kifuani, unageuka bila shida. Kilo 10 za bampa, zikiwa mita 2 kutoka katikati ya gari, hupinga kugeuka mara 16 zaidi ya kilo hizohizo zikiwa nusu mita kutoka hapo, chini ya kiti. Dereva hulihisi hilo kwenye kona ya kwanza.

Balaa liko kwenye kufunga. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini. Nyuzi zinastahimili sana kuvutwa, lakini ukiibana faiba kwa bolti, mzigo huangukia resini, nayo husagika polepole. Kuna bampa niliyoletewa ikiwa na miezi michache tu tangu ifungwe: kuzunguka kila bolti rangi ilikuwa imepasuka vijistari, mfano wa miguu ya buibui. Aliyeifunga alikuwa ameikaza kwa spana ndefu, kama anafunga chuma.

Bolti ya milimita 8 ipewe tundu la milimita 10. Ndani iwekwe washa pana yenye mpira, na sehemu ya tundu iongezwe safu mbili tatu za mkeka wa faiba kabla ya kutoboa. Bodi hujikunja kidogo gari likipita kwenye shimo. Bampa iliyobanwa kikiki hulazimika kujikunja nayo, ila ikiachiwa nafasi ya milimita mbili itateleza na kurudi. Toboa kutoka upande wa nje, juu ya utepe wa karatasi, bila kukandamiza drili. Vaa barakoa, maana vumbi la faiba lina kioo. Na jaribishia bampa kabla ya rangi, kwa sababu bodi iliyotembea miaka 50 mara chache huwa na pande mbili zinazolingana. Nimeona mwanya wa kidole kushoto na wa kucha kulia, kwenye gari ambalo halijawahi kugonga kitu.

Bampa ya faiba haikulindi. Kwenye foleni za mjini, pikipiki moja ikikugusa, bampa inavunjika, na chuma kilichokuwa nyuma yake ulishakitoa. Kwa hiyo naumia ninapoona bampa za asili zimeuzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu siku hiyohiyo zilipovuliwa. Zipake mafuta, zifunge gunia, ziweke darini; za aina hiyo hazitengenezwi tena kiwandani. Chuma walau huyeyushwa kikawa kitu kingine. Faiba ikishaganda haiyeyuki, na vipande vyake huishia kuchomwa nyuma ya gereji, moshi mweusi ukiwaingia watoto wa jirani.