Kuvumwani za Likasi: dawa ya uvimbe haitoki kwenye moshi

Kwenye magome ya miti ya miombo nje ya Likasi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna kiumbe ambacho wengi hukipita wakidhani ni uchafu wa mti: mabaka ya kijivu, ya kijani hafifu, mengine ya manjano, yaliyong'ang'ania gome hadi kuyabandua kunataka kisu. Ni kuvumwani. Ndani yake kuvu na mwani huishi pamoja: mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, kuvu hujenga mwili na kutunza maji. Mswisi Simon Schwendener alipolitangaza jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1860, wataalamu wengi wa kuvumwani walilikataa katakata.

Kiumbe hiki hukua polepole mno, aghalabu milimita chache kwa mwaka, na hakiwezi kulikimbia jua kali, bakteria wala konokono. Hujilinda kwa kemia. Zaidi ya kemikali 1,000 zimeshatambuliwa katika kuvumwani, nyingi zisizopatikana kwingineko. Mashuhuri kuliko zote ni asidi usniki, ya rangi ya manjano, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1844. Imejaa katika Usnea, ile inayoning'inia kama ndevu kwenye miti ya milima yenye ukungu, Ruwenzori na Kilimanjaro zikiwemo.

Je, inatuliza uvimbe?

Mwili ukijeruhiwa, chembe za kinga humwaga kemikali zinazotanua mishipa ya damu. Mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Ni ulinzi mzuri, ila usipozimika kwa wakati wake huharibu viungo, kama wagonjwa wa baridi yabisi wanavyojua. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kuwa aspirini huzuia utengenezaji wa mojawapo ya kemikali hizo, prostaglandini. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakisaka vizuizi vingine, na kuvumwani zimo katika msako huo.

Mwaka 2000 watafiti wa India walichapisha matokeo ya panya waliovimbishwa nyayo kwa makusudi. Walipopewa asidi usniki, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana na cha ibuprofeni. Asidi hiyo ilitoka katika Roccella montagnei, kuvumwani inayoota pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 Zanzibar ilisafirisha kuvumwani za jamii ya Roccella kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau.

Hapa ndipo pa kusimama na kupiga hesabu. Kipimo cha panya huhamishwa kwa binadamu kwa kukigawanya takriban kwa 6, hivyo mtu wa kilo 60 angehitaji kama gramu 1. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watu waache LipoKinetix, vidonge vya kupunguza uzito, baada ya watumiaji kuharibika ini. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 100 tu za chumvi ya asidi usniki, pamoja na viambato vingine. Kemikali inayomtuliza panya unyayo haijawa dawa.

Likasi ina tatizo lake la ziada. Mji huu, ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni, umesafisha shaba kwa asidi ya salfa katika kiwanda cha Shituru tangu 1929. Kuvumwani haina mizizi. Hula kinacholetwa na mvua, hewa na vumbi, na metali zikishaingia hukaa humo miaka mingi. Ndiyo maana mtaalamu wa kuvumwani William Nylander aliona mwaka 1866 kuwa kuvumwani zinatoweka katikati ya Paris, na ndiyo maana leo wanasayansi huzitumia kupima uchafuzi wa hewa. Kwa Likasi hiyo ndiyo faida ya karibu zaidi: kuvumwani za magome ya miti ya mitaani zinaweza kuonyesha moshi wa kiwanda unafika wapi, bila mtambo wa bei ghali.

Dawa nayo isiachwe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafamasia na wataalamu wa kilimo wanaoweza kuianza kazi hii, lakini waianzie katika miombo iliyo mbali na migodi, wachukue kidogo kwa kuwa kilichobanduliwa hakirudi upesi, na wapime shaba, kobalti na risasi kabla ya kupima asidi usniki. Na mwenye goti linalouma leo asichemshe mabaka ya mti wa kando ya kiwanda. Aende kituo cha afya.