Televisheni: Rangi nzuri, umeme kiasi gani?

WAFANYABIASHARA wa televisheni wanaoagiza mali kwa kuangalia herufi za kwenye boksi wanaweza kufungia mtaji katika seti zisizotoka. Herufi LED ndizo zinazopotosha zaidi. Seti hiyo ni LCD ile ile. Kilichobadilika ni taa za nyuma ya kioo, ambako LED zimechukua nafasi ya mirija ya zamani.

Katika LCD za bei nafuu taa hizo huwaka muda wote, na kioo hufungua au kuziba mwanga. Hivyo picha nyeusi hula umeme karibu sawa na nyeupe, na gizani weusi wake huonekana wa kijivu.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe, na palipo na weusi huzima kabisa, ndiyo maana rangi zake hukolea. Lakini picha yenye weupe mwingi hupandisha matumizi ya umeme, na nembo ya kituo ikikaa mahali pamoja muda mrefu huweza kuacha alama. Mwenye baa anayefungua chaneli moja kutwa nzima si mteja wa OLED, hata akiwa na fedha.

QLED isichanganywe na OLED. Hiyo nayo ni LCD, iliyoongezwa utando wa chembe ndogo mno zinazotakasa rangi nyekundu na kijani. Waliogundua na kuendeleza chembe hizo walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Plazima ilisifika kwa rangi, ila seti ya inchi 42 iliweza kula zaidi ya wati 200. Panasonic iliacha kuitengeneza mwaka 2013, Samsung na LG zikafuata. Anayeuziwa ya mtumba kwa bei ya kutupa ajiulize atapata wapi kioo kikiharibika.

Kwa wateja wa sola hesabu ni nyepesi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu, hutoa wati-saa 600. LCD ndogo ya volti 12 inayokula wati 20 itawaka saa 30. Televisheni ya chogo ya wati 80 haifiki saa nane, kabla ya kutoa umeme unaopotea kwenye inveta. Wati huandikwa kwenye kibandiko mgongoni mwa seti, na mara nyingi ni kiwango cha juu kabisa.