Mpira Hauna Miguu

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu vitu ambavyo wazazi wetu walijitengenezea kwa sababu vya dukani vilikuwa ghali. Mimi nilitaja tyubu ya baiskeli, wenzangu wakacheka. Ngoja nieleze vizuri.

Papa alicheza judo Bukavu kabla ya kuja Durban. Hapa alipata kazi ya kulinda magari ufukweni usiku, kwa hiyo jioni za klabu zilimpita. Basi kwenye fleti yetu ya Albert Park alikata tyubu, akaizungusha kwenye grili ya dirisha, akashika ncha mbili. Anavuta, anageuka, anapinda magoti, anarudi. Mara mia, halafu anaenda kazini. Siku moja grili iling'oka na kipande cha ukuta. Mama hakumsemesha siku mbili.

Zoezi hilo Wajapani wanaliita uchikomi: unaingia kupiga mwereka lakini humalizii. Katika judo, mchezo ulioanzishwa na Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882, mwereka una hatua tatu. Kuzushi ni kumpotezea mwenzako mizani. Tsukuri ni kuingiza mwili wako mahali pake. Kake ni kumwangusha. Tyubu inafundisha zaidi ile ya katikati.

Mwaka jana, nikiwa na miaka 33, nilirudi kwenye judo niliyoiacha shuleni. Kazi ya ofisini, trafiki, watoto, si unajua. Nikafunga tyubu kwenye mwembe nyuma ya nyumba, Umbilo. Ukitaka kujaribu, fanya hivi:

Tafuta tyubu isiyo na nyufa. Kata pale penye vali, upate kamba moja ndefu. Izungushe kwenye mti au nguzo imara, usawa wa kifua, na chini yake weka taulo kuukuu ili gamba lisiikate. Usifunge kwenye kitasa cha mlango, na grili umeshasikia. Ncha zishonee mikono ya shati zito, ushike kitambaa kama unavyoshika nguo ya mpinzani. Ingia mara kumi kulia, kumi kushoto. Miguu ikianza kuvurugika, pumzika.

Nikatengeneza na mtu wa bandia: ovaroli ya zamani niliyoijaza matambara, kilo 30 hivi. Usijaze mchanga mtupu, utaumia mgongo.

Miezi mitatu nikajiona fundi. Halafu nikaenda klabu, na kijana wa miaka 16 akanipiga chini mara nne. Kila nilipoingia, hakuwepo.

Nikampigia Papa simu. Akacheka kwanza. "Mupira haina miguu," akasema. "Mutu iko na miguu."

Yaani tyubu inakuvuta upande uleule kila mara na inakusubiri. Haisogei, haikwepi, haiogopi. Ovaroli nayo haipingi. Nilikuwa nimejifunza kuingia mahali ambapo hakuna mtu.

Jumapili Papa akaja, miaka 64, goti bovu. Akavua viatu, akasimama kwenye nyasi. "Shika. Usinitupe, univute tu." Alianza kutembea, mbele, pembeni, nyuma, nami nasubiri mguu wake ubebe uzito. Nikivuta mapema, anacheka. Nikichelewa, anacheka.

Halafu mara moja nikavuta kwa wakati wake, naye akaja. Wote kabisa. Nikamshika haraka asianguke. Utotoni nilidhani Papa ni mzito kama ukuta. Kumbe alikuwa mwepesi namna ile, na mimi sikujua, kwa sababu tulikuwa tumeacha hata kukumbatiana, tunapeana mikono tu kama wageni.

Hakusema kitu. Alikaa chini ya mwembe, akaomba chai, akaanza kunihadithia Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu aliyeshinda pambano lake la kwanza kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akiwa kwenye timu ya wakimbizi. Hadithi hiyo nimeisikia mara ishirini. Safari hii niliuliza maswali, kwa Kiswahili chake, nikikosea, naye akinisahihisha.

Tyubu bado iko kwenye mwembe, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili naitoa, kwa sababu Papa anakuja.