Fahamu: Kwa nini tunamlilia mtu ambaye hakuwahi kuishi?
Mwanafunzi wa Mikelenge, mjini Kindu, anasoma Harry Potter kwa Kifaransa kwenye simu. Katika kitabu cha sita mwalimu mkuu, mzee Dumbledore, anauawa, na kijana hagusi sombe jioni ile. Nyumbani wakiuliza nani kafa, atajibu nini?

Machozi yake ni ya kweli. Kwa kurasa elfu kadhaa ameishi na mzee yule, anajua hata mizaha yake. Moyo haudai cheti cha kuzaliwa. Hata zamani ilikuwa hivyo: mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mhusika wake, mpelelezi Sherlock Holmes, mwaka 1893, wasomaji wakamjia juu. Mwaka 1903 akamrudisha hai.

Huku mashariki mwa Kongo, Wanyanga wana dawa ya uchungu huo. Katika masimulizi ya Mwindo, yaliyorekodiwa kutoka kwa msimulizi Candi Rureke mwaka 1956, shujaa huyo anaangushwa na Muisa, bwana wa kuzimu, lakini usinga wake mwenyewe unamwinua. Naye huutumia kuwafufua wajomba zake. Isitoshe, wasikilizaji wako palepale, wanaimba na kuitikia. Msomaji wa riwaya yuko peke yake, na hilo, nadhani, ndilo linalouma zaidi: msiba usio na matanga. Ndiyo maana wengine hukimbilia WhatsApp kumtafuta aliyefika ukurasa uleule.