Mwenye Mashaka Akate Karata

 

Leo nataka tuzungumze juu ya mashindano ya karata. Najua kuna mzee atakayesema: «Sisi tunalala chini ya shitingi, mvua inatunyeshea, na huyu anatuletea habari ya karata!» Mzee wangu, nakuomba uvumilie kidogo. Mimi mwenyewe niliingia katika mashindano hayo, na karata nilizotengeneza kwa mikono yangu, nikashitakiwa udanganyifu mbele ya watu. Siku ile nilijifunza jambo ambalo masomo yangu ya sheria hayakunifundisha vizuri: watu wasioaminiana wanaweza kuketi pamoja, ikiwa kuna kanuni ambazo kila mmoja anaweza kuzihakikisha kwa macho yake.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Wengi tunajua karata za kawaida, zile 52, ambazo wachezaji wote wanatumia fungu moja. Lakini kuna aina nyingine. Mwaka 1993, huko Marekani, mwanahesabu aitwaye Richard Garfield alitoa mchezo wa Magic: The Gathering. Katika mchezo huo kila mtu anakuja na fungu lake mwenyewe. Anakusanya karata, anabadilishana na wenzake, halafu anachagua zile atakazochezea. Kwa kawaida fungu halipungui karata 60, na karata ya jina moja haizidi 4, isipokuwa zile za ardhi za msingi. Mwaka 1996 Wajapani walitoa karata za Pokémon, na michezo ya namna hiyo ikaenea duniani.

Karata hizo zinauzwa. Kijana wa kambini atazinunua na nini? Basi vijana wa hapa jirani, wenyeji na wakimbizi wa ndani, waliposikia habari hiyo walitengeneza mchezo wao. Walichukua makartoni ya mafuta na ya sabuni, makasi na biki. Kila mmoja alichora vitu vyake: simba, mtumbwi, chukudu, mama mwenye gunia la makala, muganga, mvua. Juu ya kila karata aliandika namba ya nguvu yake. Wachezaji wawili wanaweka karata moja moja kifudifudi, wanazifunua pamoja, na mwenye namba kubwa anapata pointi. Wa kwanza kufika pointi 7 ameshinda.

Wakapanga mashindano ya watu 8: wenyeji 4 na wakimbizi 4, nami nikiwa upande wa wenyeji. Zawadi ilikuwa kaye mbili na biki. Hiyo si kitu kikubwa. Lakini mujue kwamba mwezi uleule vijana wa pande hizo mbili walikuwa wamepigana kwenye robine kwa sababu ya bidoni za maji, na wawili walitoka damu. Wazazi wengi waliogopa kwamba karata zitarudisha fimbo.

JAMBO LA KWANZA: KANUNI IJE MBELE YA KOSA

Asubuhi ya mashindano, kijana mmoja wa wenyeji alifunua fungu lake. Ndani yake kulikuwa na simba mwenye nguvu 1000! Wengine wote walikuwa wameandika 3, 4 au 5. Wakimbizi wakapiga kelele: «Huyu ni mwizi, atoke!» Yeye akajibu: «Nani aliniambia nisiandike 1000?»

Tuseme ukweli, ndugu zangu: kijana yule alikuwa na haki. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba mtu hawezi kushitakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolitenda. Ukimwadhibu mtu kwa kanuni uliyoitunga baada ya tendo lake, hiyo si haki, ni hasira.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja anayeuza kwanga. Alichaguliwa hivi: kila upande uliandika majina 3 ya watu unaowakubali, na jina lake peke yake lilionekana kwenye orodha zote mbili. Mama yule hakumfukuza kijana. Alisimamisha mashindano mpaka saa nane mchana, akawaketisha wote 8 watunge kanuni. Walikubaliana hivi: kila fungu liwe na karata 20, nguvu ya karata moja isizidi 5, na nguvu zote za fungu zikijumlishwa zisizidi 60. Ukitaka karata nyingi za 5, lazima ukubali nyingi za 1. Kila mtu yuko huru kupanga fungu lake anavyotaka, lakini mzigo wa wote una uzito mmoja. Kijana akachora simba wake upya.

JAMBO LA PILI: MWENYE MASHAKA APEWE NAFASI YA KUHAKIKISHA

Saa nane tukaanza. Kura ilinipa kucheza na mtoto wa kambini, wa miaka 14 hivi. Nilipokuwa nachanga karata zangu, akaweka mkono juu ya meza, akasema kwa heshima lakini kwa nguvu: «Papa, samahani. Karata yako moja ina doa la mafuta mgongoni. Wewe unaiona wakati unachanga. Unaweza kuileta juu.»

Watu wakanyamaza. Nawaambia ukweli: nilikasirika. Mimi mtu mzima, mwenye diplome ya sheria, nishitakiwe na mtoto? Maneno yalikuwa tayari mdomoni: «Wewe unajua unasema na nani?» Nadhani wengi wetu tunayajua maneno hayo. Chefu anayasema akiulizwa hesabu ya misaada. Askari anayasema kwenye barriere. Na kila mara yanaposemwa, yule aliyeuliza anaondoka na mashaka yaleyale, na chuki juu yake.

Mama mwamuzi hakutazama umri wangu. Aliniuliza mimi kwanza, kisha akamwuliza mtoto, kisha akageuza karata zote 20 juu ya meza. Doa lilikuwepo kweli. Kartoni yangu ilikuwa ya mafuta ya kupikia, sikuliona. Na lilikuwa juu ya karata ya nguvu 5.

Akaamua hivi. Sikuadhibiwa, kwa sababu hakuna aliyeonyesha kwamba nilikusudia. Lakini karata ile ilitupwa, nikachora nyingine kwenye kartoni safi, na mchezo ukaanza tena kutoka sifuri. Halafu akaongeza kanuni kwa wote: ukimaliza kuchanga, mpe mwenzako fungu lako alikate. Yeye anagawa fungu mahali anapopenda, sehemu ya chini inapanda juu. Hata kama ulikuwa umepanga kitu, mpango umevunjika.

Kanuni hiyo si ngeni. Hata katika mashindano ya Magic mpinzani wako ana haki ya kuchanga au kukata fungu lako mbele ya kucheza. Hakuna anayesema kwamba wewe ni mwizi. Ni kanuni ya wote, mwaminifu na asiye mwaminifu. Angalieni hekima yake: haimwombi mpinzani akuamini. Inamwekea mikononi mwake njia ya kuhakikisha. Tunapohubiri amani mara nyingi tunawaambia watu: «Muaminiane.» Mtu aliyechomewa nyumba atakuamini vipi kwa neno tu? Mpe kwanza karata akate. Imani itakuja baadaye, polepole.

JAMBO LA TATU: ANAYESHINDWA ASIFUKUZWE

Kuna namna mbili za kupanga mashindano. Namna ya kwanza ni ya kufukuza: ukishindwa mara moja, unaenda nyumbani. Kwa watu 8 kunakuwa na michezo 4, halafu 2, halafu 1. Jumla ni michezo 7 kwa mizunguko 3. Lakini watu 4 wamecheza mara moja tu, kisha wanasimama pembeni na hasira yao.

Namna ya pili inaitwa ya Uswisi, kwa sababu ilitumika katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Hapo hakuna anayefukuzwa. Katika mzunguko wa pili walioshinda wanacheza na walioshinda, walioshindwa wanacheza na walioshindwa. Wa tatu vilevile, kila mtu na mwenye pointi kama zake, bila kurudia mpinzani mmoja. Mizunguko ni ileile 3, lakini michezo ni 12, na kila mtu amecheza mara 3. Mwishoni mtu mmoja tu ameshinda zote. Mshindi anapatikana, wala hakuna aliyetupwa nje.

Tulifuata namna hiyo. Yule mtoto alinishinda. Mzunguko wa pili nilishinda, wa tatu nikashindwa tena. Mshindi alikuwa msichana wa kambini. Yule kijana wa simba 1000 alishindwa mara 2, lakini alibaki mpaka jioni, maana bado alikuwa na mchezo wa kucheza.

Siwadanganyi kwamba karata zilimaliza ugomvi wa robine. Maji bado yalikuwa machache. Lakini majuma yaliyofuata, vijana walewale walikwenda kwa komite ya maji wakaomba kitu kimoja: orodha ya zamu iandikwe mbele, na kila siku mtu mmoja wa upande wa pili ahesabu bidoni. Walisema: «Mwenye mashaka akate karata.»

KWA VIONGOZI NA WAZAZI

Kwanza, musidharau mchezo wa watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mtoto aliyekimbia vita hakuiacha haki hiyo njiani.

Pili, mukataze kabisa kamari. Mtu asichezee pesa, wala jeton ya chakula ya familia. Zawadi iwe ndogo, na ijulikane mbele.

Tatu, wewe chefu wa kartieri, usiwatenge wakimbizi katika mambo yako. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria, na kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa popote nchini kwa kufuata sheria. Na wewe mkubwa wa kambi, ukigawa misaada, bandika orodha mahali pa wazi. Anayeuliza hesabu si adui yako. Ni kama mtoto yule aliyeona doa langu. Angenyamaza, tungemaliza mchezo nikiitwa mwizi kisirisiri mpaka leo, bila mimi kujua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA KUNDI

1. Hapa tunapoishi, ni kanuni gani zinatungwa baada ya kosa? Nani anaumizwa nazo?
2. Ni jambo gani upande wa pili unatushuku? Tunaweza kuwapa njia gani ya kuhakikisha wenyewe?
3. Katika komite zetu, wanaoshindwa kura wanabaki na kazi gani?

 Amani ianze nyumbani kwako.