Ujira wa Mwenye Kisu

Mgeni aliyetoka pwani, kama nilivyokuwa mimi nilipofika Malakisi mara ya kwanza, huona upesi kwamba bucha za mji ule mdogo, ulioko penye mpaka wa Bungoma na nchi ya Wateso, hazina tofauti kubwa na bucha za Kisauni au za Malindi: dirisha lenye wavu, kulabu tatu nne, paja la ng'ombe lenye muhuri wa zambarau wa mkaguzi, gogo la mti lililochimbika katikati kwa mapigo ya panga, na mizani. Aghalabu hata mchinjaji ni Mwislamu, maana wenye bucha wengi wa Kenya, ingawa wao wenyewe si Waislamu, humpa Mwislamu kazi ya kuchinja ili wateja wa dini zote wale bila shaka moyoni. Mteja husema "nusu" au "robo", naye mwenye panga hukata pale panga linapoangukia, akaongeza kipande cha mfupa, akafunga katika karatasi, akapokea fedha. Yamekwisha baina yao. Ilinichukua muda kufahamu kwamba mambo haya ni mageni katika nchi ile, na kwamba chini yake iko desturi kongwe ambayo kwayo mwenye kukata nyama hakulipwa fedha, wala mwenye kuila hakuinunua.

Zamani nyanda zilizo baina ya mlima Elgon, ambao Wabukusu, wenyeji wa nchi ile, huuita Masaba, na mahali uliposimama leo mji wa Kitale, zilikuwa na kongoni, tohe na taya. Misitu ya mlimani ilikuwa na mbawala na nyati. Na katika vinamasi alikuwamo nzohe, mnyama mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, ambaye tangu mwaka 1974 ana hifadhi yake ya Saiwa, karibu na Kitale. Wabukusu hawakuishi kwa uwindaji, maana wao ni watu wa ng'ombe na wimbi; walakini ng'ombe alikuwa mahari, na dhabihu, na akiba ya mwaka wa njaa, na hakuna mwenye akili aliyeichinja akiba yake kwa kuwa ametamani mchuzi. Hivyo nyama ya siku zisizo na sherehe ilitafutwa porini, kwa mkuki na mbwa, mpaka zilipokuja sheria za kikoloni zilizomfanya mwenye mkuki kuwa mwizi na mwenye bunduki na leseni kuwa muungwana. (Theodore Roosevelt, baada ya kutoka katika urais wa Marekani, alipita Uasin Gishu na kandokando ya mto Nzoia mwaka 1909, akapiga wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington, wala sijasoma popote kwamba aliitwa mwizi.) Mwaka 1977 serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji kwa wote, wa mkuki na wa bunduki, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza fundo hilo; leo mtu wa Malakisi akikutwa na paja la mbawala jikoni mwake hatafika mbali kabla ya kusimama mbele ya hakimu.

Kwa hiyo mzee aliyekubali kunifundisha namna wasasi walivyopasua mawindo yao alinifundisha kwa mbuzi. Alimlaza chali juu ya majani ya mgomba, akachanja ngozi ya tumbo kwa ncha ya kisu, kisha akaingiza vidole viwili, makali ya kisu yakielekea juu baina yake, akapandisha taratibu mpaka kidarini ili ncha isitoboe matumbo. Kibofu alikibana kwa kidole na kidole gumba kabla ya kukikata. Nyongo aliiambua pamoja na kipande kidogo cha ini kilichoshikana nayo, akakitupia mbali, kwani ni afadhali kupoteza ini la ukubwa wa kidole kimoja kuliko kutia uchungu nyama yote. Hakuvunja mfupa hata mmoja: kila kiungo alikitafuta kwa ncha ya kisu, akakipinda, kikaachana kwa sauti ndogo kama kifuniko cha kasha.

"Panga, mwalimu," aliniambia bila kuinua kichwa, "ni la kuni."

Porini, alisema, kazi hiyo ilitakiwa kufanywa upesi, mnyama angali na joto, maana tumbo lisipotolewa mapema huvimba likaharibu mapaja. Ini na figo zilichomwa palepale, zikaliwa na waliokimbia. Na iliyobaki, kama nyumbani ni mbali, ilikatwa vipande virefu vyembamba ikabanikwa juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi na kavu. Aliyetia mkuki wa kwanza ndiye mwenye mnyama, hata kama mnyama yule alikimbia na mkuki ubavuni akaenda kuangushwa na mwingine. Wa pili alikuwa na fungu lake, na mwenye mbwa alikuwa na lake, na aliyebeba mzigo alikuwa na lake. Na yule aliyeshika kisu hakupata kitu kwa kushika kisu, bali alipata lile alilostahiki kwa jambo jingine, ama kwa mkuki wake, ama kwa mbwa wake, ama kwa umri wake. Nilimuuliza kama hakuna aliyelalamika kuikata nyama ya watu wanane bila ujira. Alicheka. Kushika kisu, alinijibu, ilikuwa ni kuaminiwa, kwa kuwa mwenye kisu angeweza kuiba na kila mtu alikuwa akitazama mikono yake.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Katika nyama iliyogawanywa, kila pande lina mwenyewe kabla halijakatwa, na mwenye kisu ni kama karani anayesoma wasia. Katika nyama inayouzwa, pande halina mwenyewe mpaka fedha itoke. Hata kuku, ambaye Wabukusu hawamchezei, ana kiungo chenye jina na mwenyewe: firigisi, iitwayo imondo, ni ya mwenye nyumba, na mke akiipakua kwa mwingine, au ikapotea chunguni, lililopotea ni heshima ya bwana mbele ya wageni wake, na ugomvi wake huweza kuamuliwa na wazee. Wala tusijidanganye kwamba mgao huu ulikuwa insafu kwa kila mtu. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kumla kuku waliyemfuga, wakamchinjisha, wakamnyonyoa na kumpika kwa mikono yao wenyewe. Mizani ya bucha, ambayo wazee huisema vibaya, haikuuliza kamwe mwenye fedha ni mume au mke. Mjane anayeingia bucha ya Malakisi na noti yake hupata maini sawasawa na anavyoyapata diwani, na kama maini yamekwisha, yamekwisha kwa wote wawili.

Tena bucha ina mkaguzi. Yeye hulipasua ini kutazama minyoo, huchanja misuli ya shavu na moyo kutafuta vifuko vya tegu, hutazama mapafu na tezi, na ndipo hugonga muhuri wake. Kazi hiyo haikuwa na mtu wa kuifanya porini, wala haifanyiki nyumbani pale ng'ombe anapokufa ghafula usiku na jamaa wakaona hasara kumzika. Kimeta kimeua watu kwa njia hiyo, na mtu anayesifu kisu cha nyumbani bila kulitaja jambo hili huwadanganya wasomaji wake.

Lakini iko siku ambayo mizani haina kazi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti, katika miaka ya shufwa. Miaka ya witiri hupita bila ya kisu. Kabla ya siku yake kijana huenda kwa mjomba, nduguye mama, ambaye humwita khocha, na khocha akiridhika na mambo ya mahari ya dada yake na mwenendo wa mpwa wake, humchinjia fahali. Katika fahali huyo hukatwa ukanda wa nyama uitwao luliki, ambao kijana huvishwa shingoni ukaning'inia kifuani, naye hupakwa kifuani majani mabichi yaliyotoka tumboni mwa mnyama; kisha hurudi mbio kwao, kengele mikononi, akifuatwa na waimbaji, na kila amwonaye njiani hufahamu kwamba watu wa upande wa mama wamemkiri. Nyama ile haipimwi kwa kilo. Ni hati. Serikali ya kikoloni, ambayo iliiogopa sana dhabihu ya Masaba na wale waliotaka kuirudia, hata askari wake wakafyatua risasi palepale Malakisi tarehe 10 Februari 1948 wakaua wafuasi 11 wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, haikuweza kuiondoa luliki shingoni mwa vijana.

Kuiharibu, hata hivyo, si kazi ngumu, na nilimshuhudia mtu mmoja akikaribia kuiharibu kwa panga. Siku hizi jamaa wengi, kwa kuwa vijana wao wanakaa Nairobi au Eldoret na hawakujifunza kupasua, humwita mtu wa bucha aje nyumbani, wakamlipa. Huyu niliyemwona alikuwa fundi kwelikweli, mwepesi wa mikono, na ngozi aliitoa bila tundu hata moja. Kosa lake lilikuwa kwamba alikata kama anavyokata siku zote. Alikwisha kuinua panga juu ya kidari, apasue mbavu kwa mapigo matano sita kama afanyavyo dirishani pake, mjomba alipomshika mkono.

"Kijana, weka panga chini. Hapo pana mtu."

Fundi akatazama huku na huku, hakuona mtu. "Mzee, nani?"

"Mpwa wangu," akasema mjomba, na akakichukua kisu mwenyewe, ingawa mikono ilikuwa ikimtetemeka kwa uzee, akaukata ukanda polepole huku wote wamenyamaza.

Laiti mambo yangeishia hapo. Ilipofika jioni fundi alipewa fedha walizopatana, akazipokea, kisha akaonekana akifunga kichwa cha fahali katika gunia pamoja na kipande cha nyonga, akisema kwamba hiyo ndiyo ada ya mchinjaji kila mahali. Mabishano yakawa makali, wageni wakaaibika, na kijana, ambaye siku ile ilikuwa yake, akasahauliwa karibu saa nzima. Fundi hakuwa mwizi. Alikuwa na haki kwa kiasi chake, kwa kuwa katika vijiji vingi anayechinja huachiwa kichwa, au shingo, au ngozi, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba pale haikuwa hivyo. Jamaa nao walidhani fedha imemaliza kila kitu, kama inavyomaliza dirishani.

Hapo nilikumbuka tuliyofundishwa chuoni utotoni. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Sayyidna Ali anasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru asimamie ngamia wake wa dhabihu, atoe sadaka nyama na ngozi, wala asimpe mchinjaji ujira wake kutokana na dhabihu ile. Ujira wake walimpa kutoka kwao wenyewe. Zamani niliiona hukumu hii kuwa ya kisheria tu, yaani kwamba kilichotolewa kwa Mungu hakiuzwi. Siku ile nyuma ya boma la Malakisi, gunia likivutwa huku na huku, niliona pia hekima yake ya kidunia: nyama yenye wenyewe haifai kuwa fedha ya kumlipia mtu, kwa sababu mara ikiwa fedha, kila pande huanza kuwa na bei, na aliyestahiki kidari kwa nasaba hujikuta akishindana na aliyekistahiki kwa jasho.

Majirani zetu wa Tanzania wamelikamilisha jambo kwa upande mwingine. Tangu kanuni za mwaka 2020 mtu huweza kufungua bucha ya nyamapori yenye leseni, na mteja akanunua nyama ya pori kwa kilo kama anunuavyo ya ng'ombe. Mimi siilaumu, ni halali na ni safi. Lakini yule mzee wa mbuzi, nilipomhadithia, aliniuliza swali moja tu: je, mkuki wa kwanza ulikuwa wa nani? Sikuwa na jibu, na muuzaji naye asingekuwa nalo.

Windo lililobaki Malakisi bila kukatazwa ni kumbikumbi, ambao Wabukusu huwaita chiswa. Hao wakitoka baada ya mvua, watoto huwakusanya kwenye kichuguu chenye mwenyewe anayejulikana, na sokoni huuzwa kwa kikombe, kwa bei, bila nasaba yoyote.

Basi nawe uliye na mtoto wa kutahiri Agosti ijayo ya mwaka wa shufwa, kama hujui kupasua, mwite fundi wa bucha, wala usione haya. Mpatane ujira wake kwa shilingi kabla fahali hajafungwa kamba, mbele ya shahidi, na umwambie waziwazi kama kichwa ni chake au si chake. Kisha mwite khocha asimame karibu naye, amwonyeshe kwa kidole mahali pa luliki, panga likiwa bado chini.