Nishani za Keya Zisiuzwe Zikiwa Bubu

Si ajabu kukuta, ndani ya sanduku la bati la nyanya mmoja kule Chebunyo, nyota ya shaba yenye pembe sita iliyoviringishwa katika kitambaa. Wajukuu huidhania pambo. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu huitia katika mizani. Mkusanyaji wa ng'ambo ndiye anayeijua thamani yake, na ndiye wa kutukosesha usingizi.

Wakipsigis wengi waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee walilijua kwa jina la Keya. Jeshi hilo lilipigana na Waitaliano Uhabeshi mwaka 1941, likavuka bahari mwaka 1942 kuwakabili Wafaransa wa serikali ya Vichy huko Madagaska. Mwaka 1944 askari wake walikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha faru, iliyowasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma.

Kuitambua nishani hakuhitaji uganga. Nyota ya Burma imeandikwa jina lake katikati, na utepe wake ni wa buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu. Ikiwa askari alirudi na beji ya Kifaransa, na igeuzwe: mgongoni aghalabu mna jina la mtengenezaji, mathalani Drago wa Paris. Nanga ilikuwa alama ya majeshi yao ya makoloni.

Lakini la kutazamwa zaidi ni ukingo. Nishani za vita vya 1914 hadi 1918 zilichongwa ukingoni nambari na jina la askari. Hali kadhalika ile yenye kibao cha "Kenya", iliyotolewa kwa waliopigana na Mau Mau kuanzia 1952 (hiyo wenyewe hawaionyeshi ovyo, na sababu yaeleweka). Za Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walizitoa bila jina lolote. Maana yake ni kwamba siku nyota ile itakapouzwa, hakuna mtaalamu wa London wala wa Nairobi atakayeweza kusema ilikuwa ya nani. Ajuaye ni nyanya peke yake.

Kwa hivyo, walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi kwake na daftari. Wasiisugue nishani. Waulize aliyeivaa aliitwa nani, alikuwa wa rika gani, Maina au Chumo, na kama cheti chake cha kuachishwa jeshi kingalipo. Majibu yaandikwe kwa wino, tarehe itiwe, na karatasi hiyo irudishwe pamoja na nyota ndani ya kitambaa kilekile.